Kingo za skrini na kipanya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watengenezaji wa programu

Haya ni maswali ninayoulizwa na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta za mezani na mpakato: programu za duka, za zahanati, za uhasibu, zile ambazo mtu anazikodolea macho kutwa nzima. Nimeyajibu kwa simu mpaka nikachoka, basi nimeyaandika. Ninaposema kishale ninamaanisha kile kimshale kinachotembea kwenye skrini. Kipanya ni kile unachokishika mkononi.

Ukingo wa skrini una nini cha ajabu?

Hauvukiki. Kishale kikifika ukingoni kinasimama, hata mkono ukiendelea kusukuma kipanya hadi mwisho wa meza.

Chukua chungwa, uambiwe ulibingirishe sakafuni lisimame juu ya mstari wa chaki. Utapima nguvu, utainama, utakosa mara mbili tatu. Sasa uambiwe lifike ukutani tu. Utalisukuma huku unaongea na mtu mlangoni. Kitufe cha katikati ya skrini ni mstari wa chaki. Kitufe kilichoshikana na ukingo kina ukuta nyuma yake.

Mtazame mtu anayelenga kitufe kidogo, usitazame skrini, tazama mkono. Kwanza unarushwa kwa kasi, kisha unafunga breki, kisha unanyata: kidogo kushoto, kidogo juu, basi. Muda mwingi unaliwa na kule kunyata. Ukingo unakuondolea breki na kunyata kwa upande mmoja, kwa sababu hakuna namna ya kupitiliza.

Hii imepimwa au ni maneno ya wasanifu tu?

Imepimwa, tena kabla kipanya hakijazaliwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Fitts, alichapisha majaribio ambamo watu walishika kijiti na kugonga vibao viwili vya chuma kwa zamu, huku na huku, haraka kadiri walivyoweza. Alibadilisha upana wa vibao na umbali kati yake. Akaona kwamba muda wa kufikia kibao unategemea uwiano wa umbali na upana: kibao kikiwa mbali maradufu lakini kipana maradufu, muda unabaki karibu ule ule. Kanuni hiyo ndiyo inayoitwa sheria ya Fitts.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa miaka 10 baadaye, 1964, na Douglas Engelbart na Bill English huko California. Mwaka 1978 Bill English huyo huyo, akiwa na Stuart Card na Betty Burr wa Xerox, walipima kipanya dhidi ya usukani mdogo wa kidole na vitufe vya mishale. Kipanya kilishinda, na mwenendo wake ulifuata sheria ya Fitts. Kikomo hakikuwa kwenye chombo, kilikuwa kwenye jicho na mkono wa mtu.

Nipe hesabu kidogo.

Ugumu wa kulenga hupimwa kwa biti: unagawa umbali kwa upana, unaongeza 1, unachukua logi ya kizio 2. Kitufe chenye kimo cha pikseli 24 (pikseli ni kile kinukta kimoja kati ya vinukta vinavyounda picha ya skrini), kilicho pikseli 800 juu ya kishale, kina ugumu wa biti 5.1 hivi. Kitufe hicho hicho ukikibandika kwenye ukingo wa juu, kimo chake hakiishii tena kwenye pikseli 24, maana mkono unaweza kupitiliza utakavyo na kishale kikabaki juu ya kitufe. Tuseme kwa mfano tu kwamba mkono umepewa nafasi ya pikseli 400 za kukosea. Ugumu unashuka hadi biti 1.6.

Upana wake wa kushoto na kulia haujabadilika, hilo usilisahau. Kitufe chembamba kama uzi kwenye ukingo wa juu bado ni kigumu, kwa sababu ukuta unakusaidia upande mmoja tu.

Na pembe?

Pembe ina kuta mbili. Unarusha kipanya kwa mshazari, unafika, hata ukifumba macho. Bruce Tognazzini, aliyefanya kazi Apple tangu siku za mwanzo, ndiye aliyelieneza wazo hili miongoni mwa wasanifu: sehemu rahisi kuliko zote kufikika ni pale kishale kilipo sasa hivi, kisha pembe nne za skrini. Ndiyo maana menyu ya bofyo la kulia inapendwa, inafunguka pale pale ulipo.

Kwa hiyo skrini nzima ina pembe nne tu, na karibu zote zimeshachukuliwa na mfumo endeshi. Kwenye Mac, ya juu kushoto ni ya menyu ya tufaha. Kwenye Windows 7 ya mwaka 2009, ya chini kulia ikapewa kazi ya kuonyesha eneo-kazi (desktop). Dirisha likitanuliwa kujaza skrini, ya juu kulia inakuwa ya alama ya kufunga. Kinachokubakia wewe mara nyingi ni kingo, tena vipande vyake.

Nimeweka vitufe karibu kabisa na ukingo. Inatosha, sivyo?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndiyo sababu ya ukurasa huu kuwapo. Karibu kabisa haitoshi. Pikseli moja tu iliyokufa kati ya kitufe na ukingo inaharibu kila kitu.

Fikiria skrini ya pikseli 1920 kwa 1080. Kompyuta inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo mstari wa chini kabisa ni namba 1079. Mtu akirusha kipanya chini kwa nguvu, kishale kitasimama kwenye 1079. Hakitasimama kwenye 1077 wala 1078. Sasa kama kitufe chako kinaanzia 1050 na kuishia 1077, kwa macho kimegusa ukingo, hakuna atakayeona tofauti. Lakini kila anayerusha kipanya chini anatua mahali ambapo hapana kitufe. Anabofya, kimya. Anabofya tena, kimya. Itabidi apandishe kishale pikseli mbili kwa kunyata, na kunyata ndiko tulikokuwa tunakukimbia. Umempa ukuta, kisha ukachimba mtaro mbele yake.

Waliowahi kuangukia mtaro huo si wadogo. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, kitufe cha Start kiliwekwa pembe ya chini kushoto, mahali bora kuliko pote. Ila mwambaa wa chini ulikuwa na ukanda mwembamba wa pambo pembezoni, na kitufe kikaanzia baada ya ukanda huo. Ukirusha kipanya pembeni na kubofya, hakifunguki kitu. Mamilioni ya watu walizoea kushusha mkono kisha kuurudisha kidogo, na hawakujua kwamba wanalipia pikseli mbili tatu za urembo. Kwenye Windows XP, iliyotoka 2001, kitufe kile kinashika hadi kwenye pembe yenyewe.

Apple nao, kwenye toleo la majaribio la Mac OS X la Septemba 2000, waliweka alama ya tufaha katikati ya mwambaa wa juu kama pambo lisilobofyeka. Watu walilalamika. Toleo rasmi lilipotoka Machi 2001, tufaha lilikuwa limerudi pembeni likiwa na menyu yake.

Pikseli hizo zilizokufa zinatoka wapi? Sikuziweka mimi.

Hukuziweka kwa kukusudia. Hivi ndivyo ninavyozikuta ninapokagua kazi za watu:

Nafasi ya nje badala ya nafasi ya ndani. Ukitaka maandishi ya kitufe yasibanane na ukingo, weka nafasi ndani ya kitufe (kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, ni `padding`), usikisogeze mbali kitufe chenyewe kwa `margin`. Kwa macho ni kitu kile kile. Kwa kishale, moja inabofyeka na nyingine haibofyeki.

Ukurasa wenyewe. Vivinjari huipa `body` nafasi ya pikseli 8 kila upande usipowaambia vingine. Programu nyingi za mezani siku hizi ni kurasa za HTML zilizovishwa dirisha, kwa hiyo zinarithi pikseli hizo 8 bila mtu kujua.

Pembe za mviringo. Ukikipa kitufe `border-radius`, kile kipande kilichokatwa kwenye pembe hakipokei tena bofyo. Kitufe kilichoko kwenye pembe ya skrini kikiwa na mviringo kinakuwa kimekatwa pale pale mkono unapotua. Kama mviringo ni lazima, chora mviringo ndani ya kitufe cha mraba kisichoonekana.

Dirisha lisilo na fremu. Kwenye Windows, dirisha la kawaida likitanuliwa huwa linatokeza nje ya skrini kidogo kila upande, kwa kipimo cha kawaida ni pikseli 8, ili fremu yake isionekane. Ukiondoa fremu na kujichorea kichwa chako mwenyewe, unapaswa kulishughulikia hilo, la sivyo vitufe vinakatwa au vinaacha mwanya. Na ule ukanda wa juu unaotumika kuvuta dirisha liongezeke kimo: uzime dirisha likiwa limetanuliwa. Nimeona programu nzuri sana ambayo ukirusha kishale juu kufikia vichupo (tabs), kinageuka mishale miwili ya kupanua dirisha ambalo haliwezi kupanuka.

Vipimo vya kukuza skrini vya asilimia 125 au 150. Hesabu ya desimali inapokatwa, mwanya wa pikseli moja unajitokeza upande wa kulia au chini. Kwenye kompyuta yako hauonekani, kwa mteja upo.

Mwambaa wa menyu uwe juu ya skrini kama Mac, au ndani ya dirisha kama Windows?

Ubishi wa zamani huu, wengine wanautetea kama Simba na Yanga. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na skrini ya inchi 9, pikseli 512 kwa 342. Menyu ikiwa juu kabisa ilikuwa na ukuta nyuma yake na haikuwa mbali na chochote. Hesabu ilikaa sawa.

Skrini zimekua. Kwenye kioo cha inchi 27, dirisha dogo likiwa chini kulia, menyu ya juu kushoto ni safari. Sheria ya Fitts inasema umbali unaumiza polepole, maana kuna logi ndani yake, kwa hiyo ukingo bado una faida. Ila kuna gharama ambayo fomula haiioni: jicho nalo linasafiri, na mtu anaweza kusahau menyu ile ni ya dirisha lipi. Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, walijaribu mtindo huo huo wa menyu ya juu kwenye mazingira yao ya Unity mwaka 2011, na lawama zilikuwa nyingi kama sifa.

Maoni yangu: kama programu yako inatumika ikiwa imejaza skrini, menyu na vichupo vifike juu kabisa. Kivinjari cha Chrome kwenye Windows kinafanya hivyo. Dirisha likitanuliwa, vichupo vinagusa ukingo wa juu. Kama inatumika kama dirisha dogo, usihangaike na ukingo. Fanya vitufe viwe vikubwa, basi.

Nina skrini mbili. Ukingo wa katikati unakuwaje?

Unakufa. Kishale kinapita kutoka skrini moja kwenda nyingine bila kusimama, kwa hiyo mwambaa wa kuvutia kurasa (scroll bar) ulio upande wa kulia wa skrini ya kushoto hauna ukuta tena. Windows ya miaka ya karibuni huweka kizuizi kidogo kwenye pembe za katikati ili kishale kisichomoke kirahisi, na inasaidia kiasi. Kwenye Mac, tangu toleo la Mavericks la 2013, kila skrini inaweza kuwa na mwambaa wake wa menyu, na ukingo wa juu wa zote mbili unabaki salama mradi skrini zimepangwa ubavu kwa ubavu.

Usijenge kitu cha lazima kwenye ukingo wa kushoto au kulia peke yake. Juu na chini ndizo kingo zinazonusurika kwa watu wengi.

Programu yangu ni tovuti. Ukingo unanihusu?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Juu yako kuna vichupo na anwani, chini kuna mwambaa wa mfumo. Kushoto na kulia unaweza kubahatika kivinjari kikiwa kimetanuliwa. Kama ni mashine ya kaunta inayofunguka ikiwa imejaza skrini nzima, hapo una kingo zote nne, na ni dhambi kutozitumia.

Vipi kuhusu pembe zinazofanya kazi zenyewe ukizigusa, bila kubofya?

Zina nguvu, na zina hila. GNOME 3 ya mwaka 2011, mazingira ya mezani ya kompyuta za Linux, iliweka kona ya juu kushoto ionyeshe madirisha yote ukiigusa tu. Mac ina pembe za aina hiyo kwa anayezitaka, huja zimezimwa au nyingi zimezimwa, na huo ni uamuzi wa busara. Windows 8 ya mwaka 2012 ilificha mambo muhimu kwenye pembe bila alama yoyote inayoonekana, na watu wazima waliotumia kompyuta miaka 15 wakawa wanauliza namna ya kuizima mashine.

Mimi yalinikuta nikiwa naonyesha kazi mbele ya mteja. Nilikuwa nimeiwekea pembe ya chini kulia kazi ya kulala skrini. Nikasogeza kishale pembeni kisizibe jedwali, na ukuta mzima ukawa giza. Nikaandika nywila, nikaendelea, na baada ya dakika tano mkono ule ule ukafanya vile vile. Pembe ni mahali ambapo watu hutupa kishale wakikichoka. Ukiiwekea kazi ya mguso, kazi hiyo iwe ya kutazama tu, inayorudi ilivyokuwa ukiondoka. Kufuta, kutuma, kufunga na kulipa vidai bofyo.

Na alama ya kufunga kwenye pembe ya juu kulia, si hatari hiyo?

Ni hatari kwa programu isiyohifadhi kazi. Hifadhi kazi ya mtumiaji kila wakati, na alama ibaki pale alipoizoea.

Kishale kinapotea nikifika chini kulia. Ni hitilafu?

Hapana. Mshale wa kawaida una ncha moja tu inayohesabika, ile ya juu kushoto. Mwili wake unaning'inia chini na kulia ya ncha. Ukifika ukingo wa juu au wa kushoto unauona mzima. Ukifika wa chini, mwili unazama nje ya skrini na kubaki ncha ya pikseli moja. Kwenye pembe ya chini kulia ni kama umemezwa.

Kwa hiyo kwenye kingo za chini na kulia usitegemee mtumiaji aone kishale. Kitufe chenyewe kibadilike rangi mara kishale kinapoingia, rangi inayoonekana hasa, isiwe kijivu kilichofifia juu ya kijivu.

Kwenye simu na skrini za kugusa je?

Kidole hakizuiwi na ukingo. Kinateleza kwenye plastiki na kuendelea. Faida yote ya ukuta inaondoka, na mara nyingi ukingo unakuwa mgumu zaidi kwa sababu ya kava la simu. Usihamishe kanuni hizi kwenye simu.

Nani anafaidika zaidi?

Mwenye kipanya kipya na mkono imara atafaidika kidogo. Anayefaidika ni mzee ambaye mkono unatetemeka, mtu aliyeanza kompyuta mwezi uliopita, na yeyote mwenye kipanya kibovu. Nilijifunzia kwenye kafe ya intaneti yenye vipanya vya goroli. Goroli ikishajaa vumbi na nywele, kishale kinakwenda kulia vizuri lakini hakipandi, au kinapanda kwa kurukaruka. Ukilitoa lile goroli na kukwangua vigurudumu kwa ukucha, kinapona kwa saa moja. Kabla ya kukwangua, kitu pekee nilichoweza kukibofya bila kutukana ni kile kilichokuwa kwenye ukingo.

Maneno ya Kiswahili kwenye vitufe ni marefu. Yanaharibu mpangilio?

Yanautanua, na kwenye ukingo hiyo ni neema. Kimo umeshapewa na ukuta. Kilichobaki ni upana, na neno kama Mipangilio linakuletea upana wenyewe. Usiyafupishe yakawa fumbo ili kulinda aikoni.

Nitajuaje kama yangu imefaulu?

Fungua programu, itanue ijaze skrini. Weka kishale katikati. Tazama kitufe, kisha angalia pembeni, dirishani au kwa mwenzako, rusha kipanya kuelekea ukingo na ubofye. Fanya mara kumi kwa kila ukingo unaoutumia. Kisha rudia kwenye kipimo cha asilimia 125, kwenye skrini mbili, na dirisha likiwa limepunguzwa kisha kutanuliwa tena, kwa sababu mianya mingi hujitokeza hapo. Usijaribu ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine) au kompyuta ya mbali iliyofunguliwa kwenye dirisha: kishale kitatoka nje ya dirisha hilo na utadhani kosa ni lako.

Ukikosa hata mara moja kati ya kumi, piga picha ya skrini, ikuze mara nane, uhesabu pikseli kutoka kitufe hadi ukingoni.